Seti moja ya Dorian Yates: je, itanitosha na mimi?

Swali: "Shikamoo kocha. Nina miaka 24, kilo 78. Napiga chuma jimu ya mtaani hapa Temeke, mwaka wa pili sasa, siku sita kwa wiki, saa mbili kila siku. Mfungo uliopita nilifunga mwezi mzima na mazoezi sikupunguza. Tangu hapo benchi imekwama kilo 80 mara sita, na bega la kulia linaniuma mbele. Jamaa wananiambia Dorian Yates alikuwa anapiga seti moja tu kwa kila zoezi, siku nne kwa wiki, na akawa Mr. Olympia, lile taji kubwa la kutunisha misuli, mara sita. Ni kweli? Kama alifanya kidogo hivyo, mbona alichanika misuli mpaka akastaafu na miaka 35? Mimi situmii dawa yoyote. Naweza kumfuata? Na siku nikiacha, ni kweli misuli inageuka mafuta?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Jamaa zako wamekuambia kweli, ila nusu. Yates alipiga seti moja ya kazi, yaani ile nzito yenyewe, kwa kila zoezi; hawakukuambia mazoezi yenyewe yalikuwa mangapi, wala kilichoitangulia seti hiyo. Kuhusu kuchanika, jibu umelibeba mwenyewe pale ulipotaja mfungo. Tutafika.

Nianze na mtu mwenyewe, maana wengi wanamjua kwa picha tu. Yates ni Mwingereza, amezaliwa tarehe 19 Aprili 1962, na kazi yake yote ya kutunisha misuli aliifanyia Birmingham. Baba yake alifariki kwa mshtuko wa moyo yeye akiwa na miaka 13. Mwaka 1981, wakati wa ghasia zilizozuka katika miji mingi ya Uingereza, alikamatwa akafungwa miezi sita katika kituo cha vijana, na humo ndani ikaonekana ana nguvu kuliko wenzake. Alianza kupiga chuma kwa mpango 1983, akiwa na miaka 21. Kwa hiyo wewe na miaka yako 24 hujachelewa chochote.

Mwaka 1986 alichukua ubingwa wa Uingereza katika uzito wa juu, na 1987 akamiliki Temple Gym, ukumbi mdogo chini ya ardhi katikati ya Birmingham. Hakuhamia California kama nyota wengine wa wakati ule. Mwaka 1990 alikwenda New York kushindana na wenye kulipwa kwa mara ya kwanza, akawa wa pili nyuma ya Mohammed Benaziza. Mwaka uliofuata alirudi akashinda, kisha akapanda jukwaa la Mr. Olympia kule Orlando na kuwa wa pili nyuma ya Lee Haney, aliyekuwa anachukua taji lake la nane na la mwisho. Mwaka 1992, jijini Helsinki, Yates akatwaa la kwanza. Kutoka siku ya kuanza mpaka taji ni miaka tisa. Nakuomba uishike hiyo tisa, kwa sababu wewe uko kwenye wa pili na tayari unaona umekwama.

Kilichowashtua watu zaidi ni 1993. Mwaka 1992 alipanda jukwaani na kilo 110 hivi kwa urefu wa sentimita 178. Mwaka mmoja baadaye, Atlanta, alipanda na kilo karibu 117, na mwili ukiwa umekauka vilevile. Picha zake nyeusi na nyeupe zilizopigwa pale Temple Gym wiki chache kabla ya shindano hilo bado zinatembea kwenye simu za watu, na nadhani ndizo zilizowafanya jamaa zako wamtaje.

Sasa tuingie kwenye seti. Alifuata mawazo ya Arthur Jones, mtengenezaji wa mashine za Nautilus, na mtunisha misuli Mike Mentzer: msuli unahitaji sababu ya kukua, na sababu hiyo ikishatolewa, kurudia zaidi ni kula muda wa kupona. Mwili aliugawa mara nne: mabega pamoja na misuli ya nyuma ya mkono, mgongo pamoja na nyuma ya mabega, kifua pamoja na misuli ya mbele ya mkono, miguu. Kila kundi alilikuta mara moja kwa wiki, na siku ya mazoezi ilichukua kama saa moja.

Chukua siku ya mgongo uone nilichomaanisha kwa nusu ya ukweli. Alianza na mashine ya pulova, ile unayoivuta kwa viwiko kutoka juu ya kichwa kuja tumboni, ili mgongo uchoke kabla mikono haijachoka. Hapo alipiga seti mbili au tatu za kupasha, kisha moja ya kazi. Akaenda kwenye mashine ya kuvuta chini, viganja vikimtazama. Halafu chuma kirefu cha kuvuta ukiwa umeinama, mashine ya kuvuta mkono mmoja mmoja, kebo ya kuvuta umekaa, mazoezi mawili ya nyuma ya mabega, la kunyoosha kiuno, na mwisho kabisa dedlifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Hesabu: zoezi moja moja linapata seti moja ya kazi, lakini siku nzima ina seti tisa za kazi, na nyuma yake kuna seti za kupasha ambazo kwa mtu wa kawaida zingekuwa mazoezi kamili. Anayekuambia Yates alipiga "seti moja" bila kukueleza hilo anakupeleka kuumia, maana utaingia na kilo 80 mwili ukiwa baridi.

Na ndani ya hiyo seti? Chuma kinashushwa taratibu, kinasimamishwa kidogo, kinapandishwa kwa nguvu bila kudundishwa. Juu ya kiuno marudio sita mpaka nane, miguu kumi mpaka kumi na mbili. Anaendelea mpaka chuma kinakwama katikati ya njia na hakisogei hata akipewa dunia. Hapo mwenzake wa mazoezi, Leroy Davis, anaweka vidole kukisaidia kwa rudio moja, pengine mawili, na zoezi limekwisha. Kwenye video yake ya mazoezi ya 1996 anaonekana akisukuma benchi la mwinuko kwa kilo zaidi ya 190 kwa namna hiyo. Benchi la kulala alishaliacha, na skwati ya chuma mgongoni pia, kwa sababu maumbile ya mwili wake hayakuyapenda. Alitumia mashine za miguu badala yake. Hakuona haya kuacha zoezi linalosifiwa na kila mtu, na hapo ningependa umuige kwa moyo wote.

Jingine la kumuiga ni daftari. Tangu mwanzo aliandika kila siku ya mazoezi: zoezi, kilo, marudio, alivyojisikia. Na alikuwa na mzunguko: wiki tano au sita za kukaza, kisha kama wiki mbili za kulegeza, uzito chini na bila kufika mahali pa kukwama. Huu mzunguko watu wanauruka wanapomsimulia.

Turudi kwenye kuchanika. Mwaka 1994 ulikuwa mbaya kwake: bega la kushoto, paja, na kisha, kama miezi miwili kabla ya shindano, msuli wa mbele wa mkono wa kushoto. Uliochanika mwisho ndio wa kuuelewa vizuri, kwa sababu zoezi lenyewe linapigwa kila jimu Dar. Alikuwa anavuta chuma kirefu akiwa ameinama kidogo tu, kifua kiko juu kuliko wengi wanavyofanya, viganja vikitazama mbele, chuma kikija kwenye kiuno. Ukishika hivyo, kano ya chini ya msuli wa mbele wa mkono, ile inayoshika kwenye mfupa wa kigasha karibu na kiwiko, inabeba kazi tangu mwanzo wa mvuto. Chuma kikiwa chini kabisa na mkono umenyooka, kano imevutika hadi mwisho. Ukikishtua chuma kutoka pale, mshtuko wote unapita kwenye uzi mmoja wenye unene wa penseli. Mgongo wa Yates ungeweza kuvuta hizo kilo siku nzima. Kano ya mkono ndiyo iliyokuwa dhaifu kwenye mnyororo huo.

Lakini alishavuta uzito huo miaka kadhaa bila kuchanika. Kwa nini wakati ule? Mtunisha misuli anapokaribia shindano anapunguza chakula kwa wiki nyingi ili mafuta yatoke. Wanga ukipungua, msuli unapoteza sukari yake ya akiba na maji yanayokaa nayo; viungo navyo vinakosa ule mto wa maji na mafuta unaovikinga. Usingizi unaharibika. Mwili unaochubuka kidogo leo haupati cha kujiponyea kesho. Msuli bado una nguvu kiasi cha kuvuta uzito wa siku za shibe, na kichwa kinataka uzito ule ule kwa sababu daftari linasema hivyo. Kano haina damu nyingi kama msuli, inapona polepole, na haikupigii kelele mapema. Inakubali, inakubali, kisha inakatika. Yates mwenyewe amewahi kueleza baada ya kustaafu kwamba angerudia maisha yale, angepunguza ukali wa mazoezi wiki za mwisho kabla ya jukwaa.

Hakushona msuli ule. Alibadilisha mshiko, viganja vikatazama nyuma, akaendelea, na mwezi wa tisa 1994 akashinda Atlanta mbele ya Shawn Ray. Akashinda tena Atlanta 1995 na Chicago 1996. Mwaka 1997, wiki tatu kabla ya shindano la Long Beach, msuli wa nyuma ya mkono ukachanika. Alipanda jukwaani hivyohivyo akapewa taji la sita, mbele ya Nasser El Sonbaty, na mpaka leo wapo wengi wanaoamini Nasser ndiye aliyestahili. Baada ya hapo hakushindana tena. Ukiangalia tarehe, majeraha yaliyomuumiza zaidi yalikuja akiwa njiani kuelekea jukwaani, mwili ukiwa na njaa.

Ndiyo maana nikakuambia jibu umelibeba. Mwezi mzima ulikaa bila maji wala chakula mchana, usingizi ulikatwa na daku, na ukapiga siku sita za saa mbili kama kawaida. Ulifanya alichofanya Yates kabla ya mashindano, bila kuwa na shindano. Bega lako linadai lile deni. Mfungo ujao fanya hivi: siku tatu kwa wiki, saa moja au moja na nusu baada ya futari nyepesi, kama una nafasi kabla ya tarawehe au baada yake. Tumia uzito kama asilimia 70 ya wa kawaida, seti moja au mbili kwa zoezi, na usifike mahali pa kukwama hata mara moja. Nguvu hazipotei kwa mwezi mmoja wa namna hiyo. Maji, gawanya lita mbili na nusu mpaka tatu kati ya futari na daku. Ukiyanywa yote daku, mengi yatatoka chooni kabla jua halijapanda.

Kuhusu dawa nitasema wazi. Yates hajaficha kwamba alitumia steroidi. Amelizungumza hadharani mara nyingi tangu astaafu. Hilo linabadilisha hesabu yako kwa njia mbili. Kwanza, mtu wa namna hiyo anaendelea kujenga msuli siku nyingi baada ya zoezi, hivyo kulikuta kundi moja mara moja kwa wiki kunamtosha. Wewe mwili wako unamaliza sehemu kubwa ya kazi hiyo ndani ya siku mbili hivi. Ukisubiri wiki nzima, umelala njaa katikati. Pili, msuli wa mwenye dawa unaongezeka nguvu haraka kuliko kano zake, na pengo hilo ndilo linalochana.

Na kama kuna mtu pale jimu anakushawishi, mwambie habari za Benaziza, yule aliyemshinda Yates New York. Alifariki Oktoba 1992 akiwa Uholanzi, muda mfupi baada ya shindano, moyo ukasimama kwa sababu ya kukaushwa maji mwilini. Vidonge vya kukojoa wanavyotumia watu kukausha ngozi vinatoa maji pamoja na potasiamu, na moyo bila potasiamu ya kutosha unapoteza mapigo. Steroidi nazo zinapandisha presha, zinaharibu mafuta ya damu, zinanenepesha ukuta wa moyo na kuzima mbegu za uzazi. Hayo ni kwa dawa halisi. Chupa zinazopita mikono mitatu mpaka Temeke hakuna anayejua zina nini. Umesema hutumii. Kaa hapohapo.

Basi, unaweza kumfuata? Fuata daftari, mzunguko wa kukaza na kulegeza, kushusha chuma taratibu, na ujasiri wa kuacha zoezi lisilokufaa. Ugawaji wake wa wiki uache. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha msuli unakua karibu sawasawa hata ukiacha rudio moja au mawili kabla ya kukwama, na kwamba seti zaidi ya moja zinasaidia mradi unapona. Ningekupangia hivi: siku nne, Jumatatu na Alhamisi juu ya kiuno, Jumanne na Ijumaa miguu na kiuno. Siku ya juu iwe na mazoezi sita tu: kusukuma kifua, kuvuta chuma ukiwa umeinama, kusukuma dambeli juu ya kichwa, kujivuta kwenye chuma cha juu, kukunja mkono, kunyoosha mkono. Kila moja seti mbili za kazi. Pumzika dakika tatu kati ya seti kubwa, moja na nusu kwa mikono. Utamaliza ndani ya saa moja na dakika kumi, na mara ya kwanza utahisi hujafanya kitu. Vumilia.

Kwa sababu ya bega, wiki mbili za mwanzo benchi la chuma kirefu liache. Tumia dambeli, viganja vikitazamana, viwiko karibu na mbavu badala ya kutanuka kama mabawa, na shusha mpaka dambeli ifike usawa wa kifua, isiende chini zaidi. Anza na kilo 20 kila mkono. Maumivu yakipungua, rudi kwenye chuma kirefu na kilo 70, sio 80. Siku hiyo anza na chuma kitupu cha kilo 20 mara kumi na mbili, kilo 40 mara nane, kilo 55 mara nne, kisha 70. Acha pale unapojua limebaki moja. Pumzika, rudia.

Kuongeza uzito kuna mtego wa jimu zetu. Kisahani kidogo kabisa mara nyingi ni cha kilo mbili na nusu, na ukiweka kila upande umeruka kilo tano. Kutoka 80 kwenda 85 kwa marudio sita ni mruko mkubwa, na nadhani hapo ndipo ulipogonga ukuta hata kabla ya mfungo. Dawa yake ni kupanda kwa marudio kwanza: usiguse 75 mpaka seti zote mbili za 70 zifike kumi safi. Ukifika 75 utaanguka kwenye saba hivi. Panda tena mpaka kumi. Halafu kuna vyuma vya kuchomelea na vile vya zege. Kilichoandikwa kumi kwa rangi kinaweza kuwa tisa au kumi na moja na nusu, na pande mbili za chuma zikitofautiana bega moja linabeba zaidi ya lingine. Peleka visahani unavyovitumia kwenye mizani ya duka la nafaka, uandike uzito wa kweli kwa chaki ya mafuta. Kazi ya nusu saa, na huenda ikakueleza kwa nini ni bega la kulia na si la kushoto.

Kwenye daftari usiandike riwaya. Mstari mmoja unatosha: "Jtt. Dambeli kifua 20: 10, 9. Bega kimya. Nimelala masaa sita." Baada ya wiki tano, wiki moja punguza: seti moja badala ya mbili, uzito asilimia 70, marudio yaleyale. Utaona aibu mbele ya jamaa. Hiyo ndiyo wiki ambayo kano zinashika mwendo wa misuli.

Kufika mahali pa kukwama kabisa, mtindo wa Yates, uweke kwenye mazoezi yasiyoweza kukuangukia: kukunja mkono, kebo, mashine, na kwenye seti ya mwisho tu. Kwenye benchi hapana, labda awepo mtu anayejua kusaidia. Msaidizi wa kweli anaweka vidole viwili chuma kinaposimama, si tangu rudio la tatu akipiga kelele "yote yako!" huku nusu ya uzito iko mikononi mwake. Ukiandika marudio kama hayo daftarini, daftari linakudanganya, na wiki ijayo unaongeza kilo ambazo hujazistahili. Kuvuta ukiwa umeinama, shika viganja vikitazama nyuma, na chuma kikifika chini usikishtue. Acha mkono ukunjike kidogo kabla ya kuvuta.

Siku ukisikia kitu kimelia "tap" karibu na kiwiko, msuli ukajikusanya juu kama donge na michubuko ikatokea ndani ya siku moja mbili, usiende kwa mkandaji. Kano iliyokatika chini inashonwa vizuri zaidi wiki mbili au tatu za mwanzo. Ikichelewa msuli unajivuta juu na kushona kunakuwa kugumu. Nenda moja kwa moja kwa daktari wa mifupa, na kwa ulipo taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili si mbali. Bega nalo, kama baada ya wiki mbili hizi bado linakuamsha usiku au huwezi kuunyoosha mkono juu, likaangaliwe.

Chakula hukuuliza, ila bila hicho yote hapo juu ni bure. Kwa kilo 78 lenga kama gramu 125 za protini kwa siku. Huhitaji makopo ya unga wa dukani. Mayai manne yana gramu 24 hivi, glasi mbili za maziwa 16, vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa 30, dagaa wakavu gramu 50 wanatoa karibu 30, na kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina 25. Umefika. Ugali na wali weka mlo wa kabla na wa baada ya mazoezi, na mizani ikipanda zaidi ya kilo moja kwa mwezi, jua yanayoongezeka mengi ni mafuta.

La mwisho, kugeuka mafuta. Hapana: msuli na mafuta ni nyama mbili tofauti, na moja haiwi nyingine. Kinachotokea ni kwamba mtu anaacha chuma lakini anaendelea kula sahani ya mpiga chuma. Yates alipostaafu alihamia Hispania, akaingia kwenye yoga na baiskeli, akaacha uzito wa kutisha, na mwili wake ukapungua ukubwa bila kuwa na kitambi. Siku ukiacha, punguza wali na ugali kwa theluthi moja wiki hiyohiyo, protini iache ilivyo, na tafuta cha kukutoa jasho mara tatu kwa wiki. Misuli itasinyaa taratibu kwa miezi, na ukirudi itarejea haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza.